BARAZANI: Mashahidi Watatu wa Mambo ya Kale

Mwezi huu nawaombeni mnisikilize kwa saburi, maana neno nililo nalo ni refu kidogo, nalo lilianza kwa huzuni.

Katika siku za mavuno ya pamba nalipata kulala nyumbani kwa mzee mmoja, katika kijiji kimoja cha Maswa. Jioni, tulipokwisha kula, tuliketi shikomeni, yaani pale penye moto uani ambapo wazee wa Kisukuma tangu zamani huwafundisha watoto wao. Mzee akaanza kuhesabu majina ya baba zake. Akataja jina la baba yake, akataja la babu yake, akaendelea hivyo hata akafika jina la tisa, akasema, "Huyu ndiye aliyekuja kwanza katika nchi hii. Aliikuta tupu, haina mtu, ina nyasi na wanyama tu."

Wajukuu wadogo walikuwa wakimtazama pasipo kupepesa macho. Lakini mjukuu wake mkubwa, kijana wa kidato cha tatu aliyekuja likizo, akasema, "Babu, hiyo ni hadithi tu, si historia. Historia imo kitabuni. Sisi tumesoma ya kuwa watu walitoka katika nyani, mamilioni ya miaka iliyopita. Majina tisa si kitu."

Mzee hakujibu. Alinyamaza kitambo, kisha akainua kigoda chake, akaingia ndani, tukabaki sisi na moto. Asubuhi kijana alipomwamkia, "Mwangaluka, babu," mzee aliitikia kwa upole kama desturi. Bali wadogo walipomwomba awamalizie habari za jana, alisema, "Mwulizeni kaka yenu. Yeye ana kitabu."

Ndugu zangu, neno lile lilinichoma moyo. Mzee yule amepita miaka themanini, wala katika mji ule hakuna mwingine ayajuaye majina yale yote. Akifunga kinywa chake, yatashuka pamoja naye kaburini, na hakuna chuo kikuu duniani kitakachoweza kuyarudisha. Lakini kijana naye hakuwa mwongo. Aliyasoma aliyoyasema, ingawa aliyashika vibaya, na aliyasema kwa kiburi. Basi nalimchukua kijana tukatembea pamoja mashambani, nikamwambia haya ninayowaandikia sasa.

Nalimwuliza kwanza, "Neno 'ntemi' lina maana gani?" Akajibu, "Ni mtawala." Nikamwambia, "Ndivyo, lakini asili yake ni kutema, yaani kukata. Ntemi ni mkata maneno." Watemi wa Ntuzu, wa Itilima, wa Kanadi na wa Mwagala, kabla utawala wao haujaondolewa mwaka 1963, hawakukata shauri kwa kumsikiliza mtu mmoja. Walikaa pamoja na banamhala, yaani wazee wa baraza, wakasikiliza shahidi huyu na huyu, wakalinganisha. Shahidi mmoja akisema kweli, mwingine humtilia nguvu. Akikosea, mwingine humsahihisha. Wala hakuna aliyetukanwa kwa sababu ushahidi wake ulikuwa mfupi. Basi mambo ya kale ya wanadamu nayo ni shauri la baraza, na mashahidi wake ni watatu: kinywa, lugha na ardhi.

Shahidi wa kwanza ni kinywa cha wazee. Huyu ndiye mzee alivyokuwa shikomeni. Watu husema kinywa hakina tarehe, lakini si kweli kabisa. Tukikadiri ya kuwa kila kizazi ni miaka 25 au 30, majina tisa hutupeleka nyuma kadiri ya miaka 225 hata 270. Tena kinywa hutia alama zake. Mzee hakuambii, "Mwaka fulani," bali hukuambia, "Babu yangu alikuwa mchunga ng'ombe katika siku za sotoka." Nasi twajua ya kuwa sotoka, tauni ile ya ng'ombe, iliingia nchi hizi karibu na mwaka 1890. Msafiri mmoja wa Austria, Oscar Baumann, alipita Ngorongoro na Serengeti mwaka 1892 akielekea ziwani, akaandika jinsi alivyowaona Wamasai waliokwisha kupotewa na mifugo yao wakifa kwa njaa. Hapa kinywa na karatasi vimekutana. Vivyo hivyo mzee akikutajia vita vya Wajerumani na Waingereza, ni miaka ya 1914 hata 1918. Akikutajia kuhamishwa vijijini, kwa watu wengi wa Usukuma ni mwaka 1974.

Lakini shahidi huyu ana udhaifu wake. Kinywa huruka majina ya watu wasiokuwa na sifa. Huwasahau mama, huwakumbuka baba tu. Tena kila ukoo hupenda kusema ya kuwa ulifika wa kwanza, maana aliyefika kwanza ndiye mwenye nchi. Kwa hiyo tusikilize kwa heshima, kisha tumwite shahidi wa pili.

Shahidi wa pili ni lugha. Huyu yumo vinywani mwetu kila siku, nasi hatumwoni. Msukuma husema "munhu", Mswahili husema "mtu", na Mzulu wa kule Afrika Kusini husema "umuntu". Msukuma husema "mbuli", Mswahili "mbuzi", Mzulu "imbuzi". Msukuma akiomba "minzi" na Mzulu akiomba "amanzi", wote wawili wataletewa maji. Je, waliambiana lini maneno haya? Hawakuambiana. Waliyarithi, kama ndugu wawili walivyorithi sura ya babu mmoja. Mabingwa wa lugha wamelinganisha mamia ya lugha hizi zinazoitwa za Kibantu, wakaona ya kuwa chimbuko lake ni upande wa magharibi, karibu na mpaka wa Nigeria na Kameruni za leo, nazo zilianza kuenea kadiri ya miaka 4,000 au 5,000 iliyopita. Haikuwa safari ya jeshi moja. Watoto walihama mbele kidogo ya shamba la baba zao, na watoto wao mbele kidogo tena, hata bara likajaa.

Sasa tazameni majirani zetu. Ukitoka Maswa ukaingia Meatu, nchi ambayo hapo zamani ilihesabiwa katika Maswa, utawakuta Wataturu pamoja na ng'ombe zao. Lugha yao ni ya jamaa moja na za watu wa upande wa Mto Naili, wala si ya Kibantu. Ukiendelea hata Ziwa Eyasi utawakuta Wahadzabe, wawindaji na waokota asali, ambao lugha yao ina sauti za kugonga ulimi, wala mabingwa hawajaonyesha kwa hakika ndugu yake ni ipi. Ukipanda Mbulu utawakuta Wairaki, ambao ndugu za lugha yao wako Ethiopia na Somalia. Basi lugha yatuambia ya kuwa nchi hii ni njia panda ya watu wa asili nyingi. Haikuwa tupu.

Lakini lugha nayo ina udhaifu. Mtu aweza kuacha lugha ya mama yake akashika ya jirani, na damu yake isibadilike. Kwa hiyo tumwite shahidi wa tatu.

Shahidi wa tatu ni ardhi. Huyu ni bubu, lakini hasahau. Kila mtu wa Maswa anajua kumsoma kidogo. Ukipita porini ukaona ua wa minyaa umejipanga kwa mviringo, na ndani hamna nyumba, wajua ya kuwa hapo ni mahame; watu walikaa, wakaondoka. Ukiona jiwe la kusagia lililolika katikati, wajua ya kuwa wanawake walisaga hapo miaka mingi. Hakuna aliyekuambia, umesoma. Basi mabingwa wa mambo ya kale hufanya vivyo hivyo, ila wao husoma mahame ya zamani mno.

Kando ya Ziwa Eyasi liko pango liitwalo Mumba. Katika miaka ya 1930 Ludwig Kohl-Larsen wa Ujerumani na mkewe Margit walilichimba, na wengine wakalichimba tena baadaye. Walikuta tabaka juu ya tabaka za zana za mawe na mifupa ya wanyama walioliwa, na tabaka za chini zakadiriwa kupita miaka 100,000. Fikirini basi: watu walipika nyama mle pangoni kabla Msukuma wa kwanza hajaitwa Msukuma.

Tukienda mbele tena twafika bonde la Olduvai, ambalo jina lake latokana na mmea wa katani mwitu, kwa Kimasai oldupai. Mjerumani Wilhelm Kattwinkel alilifikia mwaka 1911. Mwaka 1913 akaja Hans Reck, akachimba, akafukua mifupa kamili ya mtu katika tabaka la zamani sana, akatangaza ya kuwa amempata mtu wa kale kabisa. Ubishi ukawa mkubwa kwa miaka karibu ishirini. Mwisho ikaonekana ya kuwa mtu yule hakuishi zamani hizo; alizikwa baadaye, na kaburi lake lilichimbwa kwa kushuka ndani ya udongo wa kale. Kila aliyewahi kushika jembe makaburini aweza kulifahamu kosa hilo: umri wa udongo si lazima uwe umri wa maiti. Hata ardhi, basi, yataka kusomwa kwa uangalifu, na bingwa wa kweli ni yule akubaliye kusahihishwa.

Miongoni mwa waliokosea pamoja na Reck, kisha wakakiri kosa, alikuwa Louis Leakey. Yeye alizaliwa mwaka 1903 katika misheni ya Kabete, Kenya, mwana wa wamisionari, akakua akisema Kikuyu pamoja na watoto wa Kikuyu. Alifika Olduvai mara ya kwanza mwaka 1931. Hesabuni miaka mpaka tarehe 17 Julai 1959, siku ambayo mkewe, Mary Leakey, aliona kipande cha fuvu na meno vikitokeza katika mteremko, hali mumewe amelala homa kambini. Ni miaka 28 ya jua na vumbi. Fuvu lile liliitwa Zinjanthropus, maana Zinji ni jina walilotumia Waarabu wa kale kwa nchi za pwani yetu, na ndilo lililomo katika jina la Zanzibar. Mwaka 1965 lilirudishwa nchini, likawekwa katika makumbusho ya Dar es Salaam. Umri wake ni kadiri ya miaka milioni 1 na robo tatu.

Hapo kijana alinisimamisha akauliza, "Wanajuaje hesabu hiyo? Nani alikuwako?" Swali jema, na kila mtu na aulize hivyo. Jibu limo katika majivu ya milima ya moto. Katika majivu hayo mna madini yaitwayo potasiamu, na sehemu ndogo yake hugeuka polepole sana kuwa hewa iitwayo agoni. Mlima utapikapo, moto wake huifukuza agoni ya zamani. Majivu yakiisha kupoa, agoni mpya huanza kukusanyika humo kwa mwendo usiobadilika. Ni kama mtungi uliowekwa mahali panapodondoka maji. Ukijua tone hudondoka kila baada ya muda gani, na ukapima maji yaliyomo, utajua mtungi uliwekwa lini, ingawa hukuwapo. Mwaka 1961 majivu ya Olduvai yalipopimwa hivyo, hata wataalamu wenyewe walishangaa, maana hawakutazamia umri mkubwa namna ile.

Sasa nalimgeuza kijana akaelekea jua linakotoka. Nikamwambia, "Ukienda moja kwa moja hivi kutoka Maswa, kadiri ya kilomita 150, ukavuka mbuga za Serengeti, utafika Laetoli." Mwaka 1976 mabingwa waliofanya kazi huko walikuwa wakicheza jioni kwa kutupiana samadi kavu ya tembo, mmoja wao, Andrew Hill, akainama akaona alama katika jiwe. Zilikuwa nyayo za wanyama. Mwaka 1978 zikaonekana nyayo za viumbe waliokwenda kwa miguu miwili. Mlima wa moto ulikuwa umemwaga majivu, mvua ikayalowesha, viumbe wale wakapita, jua likayakausha yakawa magumu kama saruji, kisha majivu mengine yakafunika yote. Umri wa nyayo hizo ni kadiri ya miaka milioni 3 na laki 6 na nusu. Njia ile ina urefu wa mita 27 hivi, na mmoja wao alikuwa akikanyaga katika nyayo za mwenziwe aliyetangulia. Mwaka 2015 nyayo nyingine zilionekana hapo karibu, na miongoni mwa waliozichunguza walikuwa Watanzania, Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Viumbe wale hawakuwa kama sisi. Vichwa vyao vilikuwa vidogo, na ubongo wao haukupita sana ule wa sokwe. Lakini kisigino chao kilitua kwanza, na kidole gumba cha mguu kilielekea mbele, kama mguu wako na wangu.

Na sasa juu ya lile neno la nyani. Hakuna bingwa asemaye ya kuwa nyani aliyeko porini leo ndiye aliyemzaa mtu. Wewe na binamu yako mna babu mmoja, lakini hukuzaliwa na binamu yako. Vivyo hivyo husemwa ya kuwa mtu na sokwe wana mhenga mmoja aliyeishi kadiri ya miaka milioni 6 au 7 iliyopita, ambaye hakuwa mtu wala hakuwa sokwe wa leo. Vizazi vikafuata njia mbili, vikabadilika polepole. Mfugaji hatashangaa. Yeye aona jinsi ukame unavyowaua ndama wengine na kuwaacha wengine, na waliobaki ndio wanaozaa. Zizi la mjukuu si sawa kabisa na zizi la babu. Ikiwa hali hubadilika kwa maisha ya watu watatu, je, si zaidi kwa mamia ya maelfu ya vizazi?

Wako watakaoniuliza kama habari hizi zapingana na imani yetu. Mchungaji ana ukurasa wake, nami siingii humo. Nasema neno moja tu: anayeuliza kitu kilifanyika lini na kwa njia gani hajamkana aliyekifanya. Wala hofu ya kuuliza haijapata kuwa alama ya imani yenye nguvu.

Kijana akasema, "Basi kitabu changu ni kweli, na babu amekosea." Nikamjibu, "Polepole. Kitabu si shahidi. Kitabu ni karani wa baraza. Huandika waliyosema mashahidi, na karani naye hukosea." Nikamtajia mto wetu wenyewe. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alipita Usukuma akielekea ziwani, na katika kitabu chake cha mwaka 1878 aliandika ya kuwa Simiyu ndio chanzo cha Naili kilicho kusini kupita vyote. Kitabu kilisomwa Ulaya nzima. Waliokuja baadaye walionyesha ya kuwa vyanzo vya mbali zaidi ni vya mto Kagera, upande wa Burundi na Rwanda. Tena nikamwambia, "Kitabu chako hakijui jina la baba wa babu yako, wala hakitalijua, usipoliandika wewe."

Kisha tukapiga hesabu pamoja, chini ya mti. Ikiwa waliopita Laetoli ni wahenga wetu, na kila kizazi ni miaka 25, basi kati yao na sisi kuna vizazi kama 146,000. Mzee angeanza kuhesabu majina yao jua linapochomoza, jina moja kwa kila sekunde, pasipo kula wala kulala, angehesabu mchana kutwa na usiku kucha na mchana wa pili, na angemaliza saa nne na nusu imepita, usiku wa pili. Nikamwuliza kijana, "Katika majina hayo yote, mangapi yamesalia duniani?" Akafikiri, akasema kwa sauti ndogo, "Tisa ya babu." Ndipo nilipojua ya kuwa amefahamu.

Tuliporudi, kijana alimwendea babu yake chini ya mwembe, akaketi chini, akasema, "Babu, nalikosa. Naomba radhi." Mzee alimtazama, asiseme neno. Kijana akauliza, "Yule wa nne uliyemtaja, nyumba yake ilikuwa wapi?" Mzee akaendelea kumtazama kitambo, kisha akanyosha mkono, akasema, "Nipe fimbo yangu."

Tulikwenda watatu, mwendo wa saa nzima, hata mahame walikohamishwa mwaka 1974. Ua wa minyaa ungaliko. Mzee akatuonyesha palipokuwa zizi, na kweli udongo hapo ni mweusi, nyasi ni nene kuliko penginepo. Akatuonyesha jiwe la kusagia la mama yake. Akalishika kwa kiganja, akakaa nalo kidogo. Karibu na mawe makubwa kijana akaona kijiwe chembamba chenye ukali, kama kisu, akakiokota. Mzee akasema, "Hivyo viko vingi hapa. Babu yangu alituambia ni vya watu waliokuwako kabla yetu." Kijana akasema, kwa adabu safari hii, "Lakini babu, jana ulisema nchi ilikuwa tupu." Mzee akacheka, na kicheko hicho kilikuwa cha kwanza tangu jana. Akasema, "Ilikuwa tupu, haina ng'ombe." Kisha akamwambia akirudishe kijiwe pale pale alipokitoa.

Usiku ule shikomeni kijana alikuja na daftari. Mzee akataja, naye akaandika. Walipofika jina la tisa, bibi yake, aliyekuwa akimenya karanga kando wala hakusema neno siku zote mbili, akauliza, "Na hao tisa, hawakuzaliwa na wanawake?" Tukanyamaza sote. Akaanza kutaja: mama wa huyu ni fulani, alitoka upande fulani, mama wa yule ni Mtaturu, alikuja na ng'ombe wanne. Alijua majina matano ambayo mzee mwenyewe hakuyajua. Basi ushahidi wa lugha, na wa ardhi, na wa damu, ulikuwa umeketi pale karibu ya moto miaka yote, ukimenya karanga.

Wasomaji wapendwa, nawaachia kazi tatu kabla ya mwezi ujao. Ya kwanza, mnunue daftari moja la familia, mkamwulize mzee aliye hai, na mwulize mama kama mnavyomwuliza baba. Andikeni jina, mahali, na jambo lililotukia siku zake. Ya pili, mkikuta mifupa, vyungu vya kale au zana za mawe, msichimbe wala msihamishe, maana kitu kikiisha kuondolewa mahali pake hupoteza nusu ya ushahidi wake. Toeni habari kwa serikali ya kijiji ili ipelekwe kwa wenye kazi hiyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba pasipo ruhusa. Ya tatu ni kwenu vijana. Mkitoka shuleni na elimu mpya, ileteni nyumbani kama mtu aletavyo kuni shikomeni, ili moto uwake zaidi. Msiilete kama maji ya kuuzima.

Kwaherini hata mwezi ujao.